Ubeti wa Jina

Jumatatu, 4 Agosti
Asubuhi mahakamani. Kesi ya mteja wangu imeahirishwa tena. Mchana Bamburi kwa Mwalimu Jayant, aliyenifunza mizani na vina nikiwa shule ya msingi. Figo zimemwishia na amekataa kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Alinieleza kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Ametunga shairi, beti sita. Limetokana na nyimbo za kale za Kihindu ambazo nyanyake aliziimba alfajiri, za moto, maji na pumzi. Nimelinakili kwa ajili ya kipindi chetu cha mashairi redioni. Linaanza:

Moto huwashwa kwa moto, ule wa kwanza u wapi?

Kibwagizo:

Mto ufikapo pwani, hauulizi ni upi.

Zuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mgonjwa.

Jumanne, 5 Agosti
Kassim, mtangazaji wa kipindi, amelikataa. Ubeti wa mwisho hauna jina la mtunzi. Huku kwetu malenga hujitaja tamati. Ndiyo sahihi yake.

"Shairi bila jina ni mtoto wa kuokota, Dama. Kesho mtu wa Likoni ataamka aseme ni lake."

Ana hoja. Imewahi kutokea.

Nikarudi Bamburi. Mwalimu alicheka hadi akakohoa. "Jina la nani, mwanangu? Aliyeanza ubeti wa kwanza siye huyu aliyemaliza wa sita."

Nila, bintiye wa pekee, alikuwa mlangoni na sufuria. "Baba, wewe waenda zako. Mimi nabaki na nini? Hata kaburi sitakuwa nalo."

Mwalimu aligeukia ukutani. Nilimkasirikia.

Alhamisi, 7 Agosti
Nila amepiga simu. Anataka nitunge ubeti wa saba wenye jina la babake. Kassim ausome, mzee asijue.

Nimeutunga jikoni, ugali ukiungua. Umetoka vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sikuutuma. Nimekwenda kumsomea mwenyewe. Alihesabu mizani kwa vidole juu ya shuka.

"Mizani sawa. Vina sawa. Umeniiga vyema. Basi tia jina lako."

Nila akatoka chumbani.

Jumamosi, 9 Agosti
Mwalimu alifariki jana. Leo amechomwa, kwa mila yao. Hana mtoto wa kiume, ambaye ndiye huwasha moto. Wajomba walinong'ona, Nila akawasha moto mwenyewe.

Aliniomba nisome shairi. Hakusema beti ngapi. Zote saba zilikuwa mkononi. Nilisoma sita, nikanyamaza. Majirani walisubiri, wanajua jina huja mwisho. Nilimtazama Nila. Angeniitikia kwa kichwa tu, ningeusoma wa saba.

Aliugeukia moto. Kisha akakitamka kibwagizo yeye, kwa sauti kavu. Tukaishia hapo.

Kassim alikuwa nyuma. Aliondoka bila kuniaga.

Jumapili, 10 Agosti
Kassim ameghani beti zote sita hewani. "La nani? Mwenyewe hakutaka nimtaje." Wasikilizaji wamempigia simu kumsuta hadi kipindi kikaisha. Mmoja: "Kassim, umeishiwa na malenga, sasa waiba mashairi ya majini na mapepo?"

Akanigeukia pale studioni. "Wallahi, mara ya kwanza na ya mwisho."

Ubeti wangu nimeuchana. Sijisikii vizuri wala vibaya.

Jumatano, 20 Agosti
Nila alikuja kwangu Chaani kuniletea kamusi ya babake. Majivu walishayatia baharini.

Tulitoka kununua mahamri kwa Mama Kadzo, hapo chini ya nyumba yangu. Mteja mmoja alikuwa akichagua, anageuza hili, anataka lile la chini. Mama Kadzo akamwondolea mkono.

"Kaka we, unga ni mmoja. Mto ufikapo pwani, hauulizi ni upi."

Nila alimuuliza maneno hayo ni ya nani.

"Ya nani tena, dadangu? Ya zamani hayo. Ya bibi zetu."

Nilisubiri Nila amsahihishe.

"Kumbe," akasema. Akaomba aongezewe mawili, yoyote.