Jina la Victoire kwenye jedwali la magoli

Mwatumu shoga, acha unachofanya usome.

Si unajua pale gazetini mimi ndiye naweka mtandaoni matokeo ya michezo ya shule? Makocha wananitumia, naweka: jina, shule, magoli. Wiki hii anayeongoza kwenye netiboli ni binti wa Kikongo, Victoire.

Mama yake kaja ofisini sasa hivi anahema, bado kavaa aproni ya saluni. "Toa jina ya mutoto yangu! Baba yake alitaka kutuua, njo maana tulikimbia kutoka Lubumbashi. Hapashwe kujua kwenye tuko!"

Nimelifuta mbele yake, huyo baba asijue walipo. Kashukuru, kaondoka.

Ndipo nikakumbuka.

Juzi mwanaume fulani aliandika kwenye imeili ya gazeti. "Mimi ni baba wa Victoire, najivunia sana. Anacheza lini tena?" Wazazi si wanauliza kila siku! Nikamjibu: Jumamosi saa tisa, uwanja wa shule, karibu sana baba.

Karibu sana baba!! Mimi!!

Leo ndiyo Jumamosi, shoga.

Mama Victoire hapokei. Kocha hapokei. Polisi wanasema wanakuja. Niko kwenye taksi naenda uwanjani, robot imetushika hapa, taa nyekundu.

Imeili imeingia. Ni yeye. Anauliza aingilie geti gani.