Kanga Uliyonitumia Imefanya Kazi

Grand Prairie, Texas
Jumatatu

Dada yangu Zuhura,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wanangu hapo Tanga. Goti la Mama limepoa? Mkataze kufua mwenyewe. Sisi wazima, ila miguu inaniwaka kwa zamu za kule nyumba ya wazee. Haya, sogeza kiti nikupe habari za wifi.

Unakumbuka alivyomfanyia Rehema wangu kwa sababu ya jimnastiki yake. Siku ya kupeleka posa ya mwanawe, kule Katy, tuliendesha masaa manne. Mabinti wa ukoo wakajipanga kubeba masinia. Rehema kanyoosha mikono, wifi akamnyang'anya mbele za watu: "Binti anayeanika mapaja kwenye televisheni habebi sinia la mwanangu." Mtoto alilia garini njia nzima. Baba yake akaniambia, "Msamehe, ni dada yangu." Nikamjibu, ni dada yako, si wangu. Mimi sisamehe, nasubiri.

Jumamosi siku yangu ikafika. Wasichana wa vyuo vya nchi nzima walikutana Denton, si mbali na hapa, kushindania ubingwa wa jimnastiki. Rehema akaingia fainali ya boriti. Ni mti mwembamba kama kiganja, mtu anapinduka hewani na kutua juu yake. Mlangoni namkuta nani? Wifi! Katoka Katy na shoga yake, eti kaja kumtazama "mtoto wetu", kwa kuwa gazeti limemtoa. Leo ni mtoto wetu.

Nikakaa mstari wa mbele yake makusudi, nimejitanda ile kanga uliyonitumia, maandishi mgongoni: WEMBAMBA WA RELI TRENI INAPITA. Nikamsikia shoga yake akiyasoma kwa sauti.

Lakini dada, niliogopa. Mtoto akianguka, maneno ya wifi yatapata miguu. Na Rehema alishanionya: "Mama please, usipige vigelegele nikiwa juu. Ngoja ni-land." Mruko wa kwanza tu mguu ukateleza, akayumba, mikono inatafuta hewa. Nyuma yangu wifi akaguna. Nikauma pindo la kanga. Mwanangu akasimama, akamaliza, akatua chini miguu pamoja. Hapo nikageuka, vigelegele vyote nikammwagia wifi usoni. Rehema kawa wa tatu nchi nzima!

Wakati wa picha wifi akaja mbio, kashajipaka wanja upya. Nikamtia kamera mkononi. "Wifi, tupige."

Rehema akasema, "Auntie, come, ingia na wewe."

"Nyamaza, simama wima," nikamwambia. Nikageuza mgongo kanga isomeke, nikarudisha uso tu. Wifi akapiga. Nimeisafisha, picha imetoka vizuri. Baba Rehema kaninunia mpaka leo. Atanuna, atakula.

Nisalimie Mama, shemeji mumeo, na Salma fundi cherehani wetu, mwambie gauni alilomshonea Rehema lilimkaa sawasawa. Picha imo humu ndani. Mpelekee mama mkwe wangu, aitundike sebuleni, pale mgeni anapokaa. Wifi anakuja huko likizo, nataka aikute ukutani. Watu wakimuuliza mbona yeye hayumo, aeleze mwenyewe nani alipiga.

Mdogo wako asiyesahau,
Mwanahawa