Kidonda cha Kisigino

4 Machi

Mwanangu Daktari wa Vijidudu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima, isipokuwa hii sukari na kidonda chake cha kisigino. Wewe je? Unakula?

Kopo la mafuta ya kidonda ulilonitumia limefika. Eti mna vijidudu hai ndani! Nimecheka peke yangu jikoni. Miaka thelathini nimechemsha vyombo vya hospitali, hakuna kijidudu kilichonipita. Basi nimelichemsha dakika ishirini, ndipo nikapaka. Yananukia vizuri.

Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila barua yako imenikata maini. Umeua dawa! Hivyo vijidudu ndivyo dawa yenyewe. Vinakaa kwenye kidonda na kuvifukuza vile vibaya. Nimehangaika navyo miaka minne, na kopo lile nililitoa maabara kwa siri, maana bado haturuhusiwi kumpa mtu. Wewe unalipika kama viazi!

Nakutumia jingine, la mwisho. Liweke kwenye friji ya jirani. Usichemshe, usipake spiriti, usiongeze ujuzi wako. Niandikie dawa inaendeleaje.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo. Dawa inafanya kazi. Kidonda kinafunga, pembeni pameota nyama mpya. Sijachemsha kitu.

Mama

11 Mei

Mama yangu mzuri, shikamoo!

Nimerukaruka maabara mpaka bosi akauliza nimepatwa na nini. Nilijua tu! Kama kinafunga, ile kliniki yako ya sukari ya tarehe ishirini si lazima ujichoshe kwenda. Endelea kupaka. Nipe habari za dawa kila wiki.

Mwanao mwenye furaha

3 Julai

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Usishtuke kuona mwandiko umepinda, naandika nimelala. Nipo wodini. Wiki iliyopita wameukata mguu, chini ya goti.

Nilikudanganya. Kidonda kilikuwa kinanuka tangu mwezi wa nne. Lakini ulishaniambia nimeua dawa, nikaona aibu kukuambia nimeiua mara ya pili. Nikawaza labda umeme ulikatika, friji ikapata joto, labda ni mikono yangu. Nikasema ngoja, kitageuka, na uwongo wangu utakuwa kweli. Angefanya hivyo mgonjwa mwingine ningemkaripia mpaka alie.

Usiache kazi yako.

Mama yako

14 Julai

Mama,

Shikamoo. Sijui hata niulize nini kuhusu hali yako. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Mikono yako haina kosa. Dawa ile haijajaribiwa kwa binadamu. Huenda isingekusaidia hata ungefuata kila neno langu. Mimi ndiye niliyekuzuia kliniki. Na muda wote nimekuuliza habari za dawa, sikukuuliza hata mara moja kama unaumia.

Leo asubuhi nimemweleza bosi kila kitu. Amenisimamisha kazi, na ana haki. Jumamosi nakuja, nitalala hapo hapo wodini wakiniruhusu.

Nikifika usinifiche kitu tena. Hata kama ni kunitukana, Mama, nitukane.

Mwanao