Sauti Niliyompa Mfukizi

Jumamosi, 5 Mei

Betri imerudi kutoka Likoni kwenye keria ya baiskeli, imejaa. Mvua imenipiga njia nzima. Nimepandisha antena juu ya mwanzi, nikauzungusha mpaka picha ikatulia. Chenga kidogo, lakini nyuso zinaonekana.

Hoteli ya Diani imefungwa mpaka wageni warudi. Sisi wahudumu tumerudishwa makwetu. Mimi huku Waa sina kazi ila hii: Jumamosi jioni watoto wa mtaa mzima wanakaa mikekani barazani kwangu, nami pembeni ya televisheni nawatafsiria mchezo wa Askari wa Kesho.

Kutafsiri, ndivyo ninavyojisifia. Kiingereza changu ni cha kubeba sahani. Wale askari watano wa miaka ijayo, wanaoruka angani na kofia za chuma katika mji usio na mti hata mmoja, wakisema nashika neno moja, mengine natunga. Hata rangi natunga. Televisheni yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe, hoteli waliiondoa walipoleta mpya. Lakini muulize mtoto yeyote hapa, atakwambia kapteni huvaa kijani.

Leo adui wao amesema kwa mara ya kwanza. Mtu mrefu, joho refu, anafukiza moshi na mji wote unalala. Nimempa jina papo hapo: Mfukizi. Sauti ikanijia yenyewe. Ya Mzee Mwadzombo, jirani yetu anayekausha nazi ziwe mbata katika banda lake la moshi nyuma ya shamba la Bakari. Ule mluzi wa kwenye pengo la meno. Lile "sikizani" analoanzia kila jambo. Na miisho ya maneno kuivuta kama mtu avutaye kamba ya kisima. Watoto wamecheka mpaka wakaangukiana. Nimelala chali na furaha yangu. Mwaka mzima hotelini hakuna anayenichekea hivi.

Jumatatu, 7 Mei

Watoto wanapita njiani wakipiga mluzi. "Sikizaniii." Wameiga vizuri, wana masikio.

Mejumaa, mke wangu, hacheki. Kasema sauti ya mtu ni kama nguo yake ya ndani, haianikwi barazani kwa watu. Nimemwambia ni mzaha tu. Kasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hana jambo ambalo halina methali.

Alhamisi, 10 Mei

Nimekutana na Mzee Mwadzombo dukani. Shikamoo, marahaba. Macho mekundu kama siku zote. Moshi wa makumbi ya nazi umemla macho tangu ujanani, kila mkausha mbata yuko hivyo.

Kaniuliza mbona watoto wakimwona wanakimbia. Zamani walikuwa wakija bandani kumwomba vipande vya mbata. Nimemjibu, watoto wa siku hizi, Mzee, waache tu. Mwoga mimi. Nimerudi nyumbani bila chumvi niliyotumwa.

Jumamosi, 12 Mei

Nilikuwa nimeazimia. Mfukizi alipofungua kinywa nikamsemea kwa sauti nene ya kawaida, sauti isiyo ya mtu.

Watoto wakakataa. Riziki, binti wa Bakari, ambaye hukaa mbele kila wiki, akasimama. "Baba Salimu, siye huyo. Mfukizi hasemi hivyo." Wenzake wakaitikia.

Nikawarudishia sauti yao. Ndiyo, kwa urahisi huo. Kicheko kilipokuja nikanogewa. Nikaongeza kwamba macho ya Mfukizi ni mekundu, mekundu kwa moshi wake mwenyewe. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama nje ya ua, nao wakacheka. Nikajiona mkubwa. Mejumaa aliingia ndani kabla haijaisha.

Jumatano, 16 Mei

Watoto wameunda kikosi chao. Vifuu vya nazi kichwani, kamba kidevuni. Leo wamekwenda kumkamata Mfukizi. Mzee alikuwa kisimani. Wakamwaga maji kwenye moto wake, na mbata zilizokuwa juu ya uchaga zikalowa zote. Mbata ikilowa huota ukungu. Ni kazi ya wiki nzima imepotea.

Kaja kwangu, kwa sababu Salimu wangu alikuwamo. Nimemkaribisha, Mejumaa kaleta chai. Nikamwita Salimu akaomba radhi mbele ya mzee, akachapwa. Nimemwomba radhi na mimi, kwa niaba ya mtoto. Kwa niaba ya mtoto. Chai yote nilikuwa nikiangalia mdomo wake anavyosema, na sikuweza kumtazama machoni.

Mtoto wangu amekula fimbo zangu.

Jumamosi, 19 Mei

Radi tangu asubuhi. Hakuna picha, ni mchelemchele tu. Watoto wamerudi kwao wakinung'unika. Nimemshukuru Mungu kwa radi.

Jumatano, 23 Mei

Riziki anaumwa. Homa kali, jana mchana akapatwa na degedege. Mejumaa alikwenda kumshika mama yake mkono, karudi uso umemshuka.

Mtoto alikuwa akiweweseka. Anasema Mfukizi amemfukiza. Anasema macho mekundu yanamtazama mlangoni. Wanawake wakauliza, Mfukizi ndiye nani? Watoto wengine walikuwa uani. Hawakufikiri mara mbili. Wakanyoosha vidole upande wa banda la mbata.

Mejumaa hakusema methali. Afadhali angesema.

Alhamisi, 24 Mei

Bakari amempeleka mtoto hospitali Msambweni. Malaria, amelazwa. Daktari kasema atapona.

Lakini hakuna anayezungumza habari za malaria. Kisimani, dukani, ni Mzee Mwadzombo tu. Kwamba anaishi peke yake. Kwamba mkewe alikufa bila kuugua. Kwamba alikuwa akiwapa watoto vipande vya mbata, na kwa nini awape? Jambo lile lile lililokuwa wema mwezi uliopita. Wanataka kumleta mganga amnuse kama ni mchawi. Najua mambo haya yanavyokwenda huku kwetu. Mganga akishamtaja mzee, mzee hana tena kijiji. Wapo waliofanyiwa mabaya kuliko kufukuzwa.

Nasema nitasema. Bado sijasema.

Ijumaa, 25 Mei

Leo naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma tena.

Baada ya swala ya Ijumaa watu walisimama nje ya msikiti. Mmoja akasema mtoto ni malaika, hasemi uongo. Mwingine akasema, hata macho yale aliyoyataja mtoto, nani mwingine ana macho yale hapa Waa? Nilikuwa navaa viatu. Niliinama muda mrefu mno kwa viatu visivyo na kamba. Hawa watu hawajui kwamba televisheni yangu haina rangi. Macho ya yule mtu kwenye kioo ni meupe tu. Mimi ndiye niliyeyatia wekundu.

Nikaenda nyumbani kula wali.

Alasiri banda la mbata likaungua. Mzee mwenyewe alikuwa nasi msikitini kwa swala ya alasiri, safu ya nyuma. Sote tuliuona moshi tulipotoka. Hakuna aliyekimbia, moshi hutoka pale kila siku, ni kama kuona mawingu. Yeye ndiye aliyeujua si wa makumbi. Akakimbia na miguu yake ile ya kizee, kanzu kaishika mkononi, nasi tukimtazama anavyokimbia. Tulipofika pamebaki nguzo.

Hakumshutumu mtu. Aliokota kifuo chake cha chuma cha kufulia nazi, akakikung'uta majivu, akakaa nacho chini.

Aliyetia moto simjui. Kiberiti nilikitoa mimi.

Jumamosi, 26 Mei

Nimekwenda kwa mzee wa mtaa asubuhi, nikamwomba aite watu kesho. Kaniuliza kuna nini. Nimemwambia nina neno. Watoto walikuja jioni, nikawaambia betri imekufa. Uongo mwingine, lakini huu mdogo.

Jumapili, 27 Mei

Watu walijaa ua wa mzee wa mtaa. Mzee Mwadzombo kakaa kwenye benchi, kanzu safi, mikono magotini, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Bakari mbele yake, macho hayajalala.

Nikasimama. Nikasema jina Mfukizi nimelitunga mimi. Nikasema macho mekundu nimeyatunga mimi, televisheni yangu ni ya nyeusi na nyeupe, aje atakaye aone. Nikasema sauti ya yule mtu nimeiiba kwa mzee wetu huyu ili watoto wacheke, na mtoto katika homa yake alikiona kile kile nilichomlisha kila Jumamosi.

Hawakunielewa. Wazee wengi hawajawahi kukaa mbele ya televisheni. Bakari akasema, "Sauti gani? Mtoto wangu amemtaja mtu, wewe waniletea habari za sauti."

Basi ikanibidi.

Nikaifanya. Mbele yake. Sikizani, na mluzi, na miisho yote ya kuvutwa, maneno ya Mfukizi anayetaka kuulaza mji. Nilianza kwa aibu, lakini mwili una mazoea yake, ikatoka sawasawa kuliko siku zote.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wanawake wakajifunika leso midomoni. Kisha ua mzima. Mzee wa mtaa akafuta machozi. Hata Bakari alicheka, akajishika, akacheka tena. Na katika kucheka kwao nikaona wameelewa. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Mzee Mwadzombo alikuwa akinitazama. Si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kisogo chake.

"Ndivyo ninavyosema?" akauliza.

Watu wakatazama miguu yao.

Bakari akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaomba radhi. Wengine wakafuata. Habari za mganga zimekwisha. Imeamuliwa kwamba banda lijengwe upya, mimi nitoe boriti na makuti. Ningeambiwa nitoe nyumba ningetoa. Mzee kaitikia kila jambo kwa kichwa.

Mejumaa kaniandalia chakula vizuri. Kasema nimefanya la kiume. Sikulihisi hivyo.

Jumatano, 30 Mei

Banda limesimama. Tumelijenga kwa siku mbili, mtaa mzima, Salimu na wenzake wakibeba makuti. Uchaga mpya, nimeukaza mwenyewe. Riziki amerudi kutoka hospitali, amekonda, ana njaa kama nzige. Bakari katuma sahani ya mahamri kwa Mzee.

Mzee hakutoka kuliangalia banda. Mpwa wake wa kike amekuja kutoka Jego. Kesho anaondoka naye.

Nilidhani nikisema ukweli mambo yatarudi yalivyokuwa. Umri wote huu na bado nina mawazo ya kitoto.

Jumamosi, 2 Juni

Nimewasha televisheni kwa sababu watoto walikaa pale mikekani na sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Sikutafsiri. Askari wakaruka, moshi ukatanda, Mfukizi akasema mwenyewe kwa Kiingereza chake. Sauti ya kijana. Nzuri. Sikuwahi kuisikia kwa vile siku zote nilikuwa nikisema juu yake.

Riziki akaniuliza anasema nini. Nikamjibu sijui. Akaniuliza wiki zilizopita nilijuaje. Nikamwambia sikujua hata wiki hizo.

Walitazama mpaka mwisho bila kucheka. Wawili watatu walisinzia.

Jumanne, 5 Juni

Hoteli wameniita nirudi mapema kwa usafi. Nimewaomba nianze wiki ijayo. Kuna mahali nataka kwenda kwanza.

Banda jipya halitoi moshi. Nikitoka asubuhi macho yanakwenda upande ule yenyewe.

Jumapili, 10 Juni

Nimekwenda Jego. Basi la Vanga, kisha kwa miguu kati ya mikorosho. Nilibeba sukari na kanga ya mpwa wake.

Mzee hajambo. Ananenepa, mpwa anajua kupika samaki. Kanikaribisha kwa mkono, kanionyesha kigoda. Nikamwamkia, akaitikia kwa kuinua kiganja kifuani. Nikamweleza habari za Waa, za banda, za Riziki anayekula kila kitu, za mvua. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Alikuwa akisikiliza vizuri, akitabasamu mahali pa kutabasamu.

Uani mpwa wake akaniambia mjomba siku hizi haongei. Akiswali midomo inakwenda, lakini akiwa na watu ni kichwa na mikono tu. Watoto wa pale wakimwamkia anawapungia. Yeye mpwa anadhani ni meno, anataka kumpeleka akatazamwe. Sikumwambia si meno.

Tulikula pamoja. Tukakaa kivulini mwa ukuta, naye akawa anasokota kamba ya usumba wa makumbi, mimi nikimpasulia nyuzi. Alasiri ilipokaribia nikaaga. Nikamshika miguu, nikamwomba radhi, nikamwuliza kama amenisamehe.

Akaitikia kwa kichwa. Mara mbili, kwa upole, nisije nikakosa kuona.

Nikasimama mlangoni kitambo, nikingoja aseme. Mpwa wake akaniambia basi la mwisho halitaningoja.