Pikapu ya Aabo Njiani Kwenda Biliqo

Bula Pesa,
Isiolo.
12 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Kahin,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, mgongo hauumi, na wakubwa wako wa kazi wana imani nawe. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Mama yetu Hooyo ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua akiinuka kwenye mswala. Mimi ni mzima, Hamse mume wangu ni mzima, na mtoto wetu Hibo ameanza kung'oka meno ya utotoni. Ukimwona leo utamwamkia kama mgeni.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Kahin, simu zako ni za dakika tano za mapumziko. Nikianza tu kueleza, unaitwa, au laini inakatika. Ninayotaka kukuambia leo hayatoshi katika dakika tano. Mahamud, mtoto wa jirani yetu Ubah, anasafiri Ijumaa kuja huko Doha kuanza kazi, nami nimempa barua hii pamoja na kopo la nyirinyiri. Hooyo mwenyewe ndiye aliyekata ile nyama na kuikaanga. Hesabu yake anaijua, kwa hiyo Mahamud asikwambie kopo lilitoka hapa nusu.

Mvua hatujaiona tangu Novemba. Mawingu yanakuja mpaka upande wa mlima, yanatutazama, yanarudi. Watu wamehamisha mifugo, wengine wamefika hata Kipsing, na huko maji yenyewe ni ya kugombania. Ngamia wanatoa maziwa kidogo. Safari niliyokuwa nabeba mitungi thelathini ya maziwa ya kuuza, sasa narudi na kumi, na kina mama wanaonisubiri sokoni wanaigawana kwa upole kama watu wa nyumba moja.

Sasa nije kwenye pikapu ya marehemu baba yetu, Aabo. Najua umekunja uso. Uliposema tuiuze, wiki moja tu baada ya kumzika, mimi nilikuelewa. Ulikuwa mbali, kaburi hukuliona, ulichoona ni mzigo mzee ulioachiwa dada yako. Lakini Hooyo alisikia kitu kingine. Alisikia mwanawe akisema kiti cha baba yake kiondolewe nyumbani. Tangu siku hiyo, na sasa ni miaka miwili, ukipiga simu anakujibu salamu, anasema alhamdulillahi, kisha ananipa simu. Wewe hukuuliza, mimi sikueleza. Tulinyamaza wote watatu, na kimya chenyewe kikawa desturi.

Mwezi wa kumi na mbili pikapu ilianza ugonjwa. Ikiwa baridi asubuhi inakwenda vizuri. Ikishapata joto, nikiondoa tu mguu kwenye eksileta, sauti inashuka, bodi nzima inatetemeka, halafu inazima. Nikifika kwenye matuta, inazima. Nikimpisha mtu na punda wake, inazima. Siku moja ilizima katikati ya barabara karibu na soko, lori likinipigia honi nyuma, na jamaa wa bodaboda akasimama kando yangu akaniambia, "Mama, hii gari wewe huiendeshi, unaibembeleza." Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka.

Nilijifunza ujanja. Vidole vya mguu kwenye breki, kisigino kwenye eksileta, ili nisimame bila kuiacha ife. Kiatu changu cha kulia kimeisha upande mmoja.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta na kukaza skrubu ili injini izunguke kwa kasi zaidi ikiwa imesimama. Ikapiga kelele siku mbili, ikarudia tabia yake. Wa pili alisikiliza dakika moja, akasema injini imekufa, tafuta mtu wa kununua vyuma. Wa tatu ni Ekaale, yule Mturukana mwenye gereji nyuma ya stendi ya malori. Aabo alimpenda kwa sababu hana haraka. Ekaale aliinamisha kichwa juu ya injini muda mrefu, akaniambia, "Hamdia, hii inavuta hewa mahali. Injini ikinyonya hewa pasipofaa, mafuta yanakuwa mepesi, inakosa nguvu ya kusimama peke yake. Niachie siku moja. Nitamwagia maji kila bomba la mpira. Mahali penye ufa, maji yataziba kidogo na sauti itabadilika."

Siku hiyo moja hatukuipata. Jioni ile ile Godana alipiga simu kutoka Biliqo. Mama yake, Mama Sabdio, alikuwa mgonjwa, kifua kimembana, hali chakula. Zahanati ilisema apelekwe Isiolo, lakini amekataa kupanda lori la mifugo, na amekataa kwenda popote kabla hajamwona Hooyo.

Huenda umesahau kwa nini. Babu alipokuwa na duka Biliqo, Hooyo na Sabdio walichunga ndama pamoja, Msomali na Mborana, nguo wakibadilishana mpaka mama zao wakachoka kuwatenganisha. Na Hooyo alipokwenda Biliqo kujifungua kwa wazazi wake, ni Sabdio aliyekupokea wewe. Ulitoka kimya, Kahin. Yeye ndiye aliyekupuliza puani mpaka ukalia.

Hamse alikuwa Moyale na lori. Nilimwambia Hooyo gari haifai, tusubiri, nitafute mtu mwingine atupeleke. Alikuwa tayari amefunga kitambaa chake na kujaza birika. Aliniambia tu, "Usisimame njiani, basi."

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Tulipita Ngare Mara, tukaacha lami, tukavuka daraja la Gotu jua likiwa limeshapanda, na muda wote huo sikusimama mahali popote. Watu walitupungia mkono wakitaka lifti, nikawapita huku nikiomba radhi kwa sauti ndani ya gari.

Mbele ya Gotu, kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, tulikuta ngamia wakivuka. Ningefanya nini? Nilisimama. Pikapu ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Ngamia walikuwa wengi, walipita polepole wakituangalia kama wakaguzi, na walipomalizika injini ilikataa kuwaka. Saa nne asubuhi, na mchanga tayari unachoma.

Nikufiche nini? Nilifungua boneti nikakuchukia. Wakati ule ule nilikutamani. Aabo alipokuwa akitengeneza gari, ni wewe aliyekuambia shika hapa, sikiliza hii. Mimi nilikuwa nashika tochi. Miaka yote hiyo nilimulika mikono yako na sikuambiwa mikono inafanya nini. Nilisimama pale laga nikatazama zile nyaya na mipira, nikasema kwa sauti, "Kahin, ungekuwa hapa." Hooyo alinisikia.

Tuliiacha ipoe. Ilipokubali kuwaka, nilikumbuka maneno ya Ekaale, lakini nilihitaji mtu wa kukanyaga mafuta ili isizime wakati nikitafuta. Pale tulikuwa wawili tu. Basi, kaka, mama yako mwenye miaka sabini na mbili alipanda kiti cha Aabo, akakunja buibui, akaweka mguu kwenye eksileta kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikanyaga kwa nguvu, gari ikanguruma mpaka ndege wakaruka kwenye mgunga. Akapiga kelele, "Hamdia, itaondoka na mimi!"

"Haiendi popote, Hooyo, nimeifunga breki. Kidogo tu. Kama unamkanyagia mtoto mgongo akiwa na uchovu."

Hapo alielewa. Mguu ukatulia.

Maji tuliyokuwa nayo ya kunywa sikuthubutu kuyagusa. Nilichukua birika lake la kutawadhia, nikaanza kumimina kidogo kidogo, mpira mmoja baada ya mwingine, sikio langu chini. Mpira wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Nyuma ya kabureta kuna mpira mwembamba unaojipinda na kushuka mahali ambapo jicho halifiki. Nilipoumwagia maji, sauti ilibadilika. Lile tetemeko likakatika, injini ikajikaza kama mtu aliyepata pumzi, halafu maji yalipokauka ikarudi kuyumba. Nikamwaga tena. Ikatulia tena. Kahin, nilipiga kelele kama niliyeona mwezi wa Idd.

Nilizima, nikauvuta ule mpira, nikaukunja. Chini kwenye ncha kulikuwa na ufa mrefu kama ukucha, nao haukuonekana mpaka ukunjwe. Mpira ulikuwa na ziada kidogo, kwa hiyo nilikata ile ncha mbovu kwa kisu cha Hooyo cha matunda, nikauchomeka tena na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikawasha. Nikamwambia Hooyo aondoe mguu.

Aliogopa kuuondoa. Nikamwambia tena. Akauinua polepole, akaushika hewani, na pikapu ikabaki inaunguruma peke yake, taratibu, bila kutetemeka. Hooyo alikaa pale mikono kwenye usukani, akasema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa ikilia baba yenu akirudi nyumbani." Kisha akashuka, akatayamamu kwa mchanga kwa sababu birika lilikuwa tupu, akaswali rakaa mbili kando ya gari.

Tulifika Biliqo kabla ya adhuhuri. Mama Sabdio amekuwa mdogo sana. Alikuwa amelala kwenye ngozi, pumzi zinapiga mluzi, lakini Hooyo alipoinama mlangoni alimtambua kwa hatua tu. Walishikana mikono, wakaongea Kiborana cha utotoni ambacho mimi nashika nusu yake. Halafu Sabdio akaniuliza, "Na yule wangu wa kimya yuko wapi?"

Nilimwambia uko mbali. Akasema anataka kusikia sauti yako. Pale nyumbani mtandao haushiki, Godana hupanda kilima ndipo apige simu, lakini kwenye simu yangu nilikuwa nayo ile sauti uliyonitumia siku ya Idd. Haikuwa na jambo kubwa. Unawatakia watoto Idd njema, unauliza kama mvua imenyesha na kama yule mbuzi mweupe amezaa. Niliiweka karibu na sikio lake. Alitabasamu. "Analia vizuri siku hizi," alisema. Akaomba irudiwe.

Mara ya tatu ni Hooyo aliyeomba. Sauti zako zote nilizomwekea miaka hii miwili alikuwa akinyanyuka na kwenda kuangalia chungu jikoni. Siku hiyo aliichukua simu, akaisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza, "Mbona anakohoa? Nani anampikia tangawizi huko?" Sikujua hata kwamba ulikuwa unakohoa. Niliisikia mara ngapi ile sauti na sikugundua.

Sabdio alikubali kusafiri. Tulitandika magodoro mawili nyuma, Godana akafunga turubai juu, na Hooyo akakaa huko akiwa ameweka kichwa cha mwenzake mapajani. Safari hii nilisimama kila walipohitaji: kumpa maji, kumgeuza ubavu, kumwacha apumue. Kwenye kizuizi cha Ngare Mara askari alininyooshea mkono. Nikaweka gia huru, nikaondoa mguu, nikasubiri. Haikuzima. Machozi yakanitoka.

"Mama, kuna shida?" askari akauliza.

"Hakuna, afande. Gari iko sawa."

Alituangalia, akaona mgonjwa nyuma, akaondoa kizuizi.

Hospitalini walisema ni nimonia, na kwamba tungechelewa siku mbili tatu zaidi tungempoteza. Alilazwa siku nane. Alhamdulillahi, sasa ametoka, yuko hapa nyumbani. Anakunywa uji, anagombana na Hooyo kuhusu chumvi, na mluzi wa kifuani umekwisha. Ekaale ameukagua ule mpira, akaweka mpya, akaniambia kazi yangu ya laga ingeweza kufika Marsabit na kurudi. Ilinifurahisha kuliko inavyopaswa.

Siwezi kukuambia rudi. Najua mkataba wako, najua unavyolala watu sita chumbani. Nakuambia tu tunavyokukosa. Hooyo akipika chapati za anjera bado anamimina moja zaidi, halafu anaitazama. Mimi nikiwa peke yangu barabarani huongea nawe. Nakueleza gia, nakueleza mashimo. Hata Hibo, ambaye hakukumbuki, akichora watu wa nyumba yetu anakuweka pembeni, mrefu kuliko mlango.

Eedo Kinsi, shangazi yetu, anakusalimu sana, anasema usimsahau katika dua zako, mguu wake umeanza tena. Hamse anakusalimu. Godana na watu wote wa Biliqo wanakusalimu. Ramadhani iko mlangoni. Mungu akukinge ugenini, akupe riziki ya halali na usingizi mtulivu, na atukutanishe kabla hatujaanza kuhesabu wasiokuwepo.

Jana nilimwambia Hooyo kwamba nakuandikia. Nilidhani atasema msalimie, kama kawaida. Badala yake alinituma. Nayaweka maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwambie kitanda chake nimempa Sabdio, maana yeye ndiye aliyemtoa kwangu akiwa hai. Lakini akija, asiulize atalala wapi. Nitamtandikia changu, mimi nitalala chini kando yake nisikilize kama bado anakohoa."

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mbali na karibu,

Hamdia