Shemeji Yako Si Mvamizi

Kwa mwanangu Hamisi, hapo Mkunya.

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Mimi mzima, ila goti. Dada yako amejifungua salama hapa hospitali ya Mkomaindo, mtoto wa kike, ananyonya vizuri. Ninyi hamjambo? Mihogo ya nyuma ya nyumba mmeitoa, au mnaitazama tu?

Haya, sikiliza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza kusema, unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao.

Umemshtaki Mama Zena, mke wa marehemu kaka yako, kwa mwenyekiti wa kijiji, ati amevamia shamba la mikorosho, Ijumaa aitwe aambiwe atoke. Nani kakufundisha neno hilo? Kuvamia ni kuja ghafla, wenyewe hamna habari, mnashtuka mmeshaingiliwa. Siafu walipoingia bandani wakammaliza kuku anayeatamia, walivamia. Nguruwe pori walipong'oa mihogo yetu, walivamia. Na siku hiyo wewe ulikoroma. Aliyetoka na debe kuwafukuza ni shemeji yako huyohuyo.

Yeye alikuja kwa ngoma, Hamisi. Tulimposa sisi. Pilau ya harusi yake ulikula ukaongeza. Mashimo ya mikorosho ile alichimba na mumewe, mimi nawaona. Mume kafa, anapalilia peke yake, anapuliza dawa peke yake, hukuona mvamizi. Korosho zimeanza kudondoka, ndiyo umemwona!

Mtu akisikia mvamizi anafikiri mwizi mwenye panga. Watoto wa kaka yako wataitwa hivyo bombani. Umelifikiria hilo?

Nimempigia. Kasema, "Mama, nikiambiwa nitoke nitarudi kwetu Chiwata. Sitaki ugomvi."

Nikamwambia, "Kaa hapohapo. Kitakachotoka ni lile neno, si wewe."

Basi kabla ya Ijumaa nenda kwa mwenyekiti, mbele ya watu walewale waliokusikia ukimshtaki, useme umekosea. Usipokwenda nakuja na goti langu hili, niseme mwenyewe kwamba shamba lile niliwapa mimi, yeye na mumewe, na kwamba sijamnyang'anya mtu.

Nisalimie mkeo, namjua, hili halikutoka kwake. Msalimie mjomba wako, mwambie mguu wake aupeleke hospitali, asiupake mafuta tu. Zena mjukuu wangu mwambie bibi anamkumbuka.

Ni mimi mama yako. Nikirudi nitashukia kwa Mama Zena, uwe umekwenda au hukwenda.