Kilimia Si Vumbi

Makanyagio, Jumamosi, Novemba 1996

Jua limechoma tangu asubuhi, na sasa mawingu yamejikusanya upande wa Kawajense, yananitania tu. Umeme umekatika. Naandika kwa koroboi.

Kesho Mama Zuhura, jirani yangu muuza vitenge, anapanda treni kwenda Tabora kufuata mzigo. Ilibidi nimwambie leo aniletee lenzi ipi.

Huko kuna mpiga picha mzee anayeacha kazi. Ameniwekea lenzi mbili zinazoingia kwenye kamera yangu, bei moja, na uwezo wangu ni moja tu. Kuna ndefu, ya 135, inayovuta uso wa bibi harusi ukabaki peke yake na nyuma kukawa ukungu mtupu. Kuna fupi, ya 28, inayokusanya mbuga nzima na mbingu yake. Ndefu ingenilisha. Mabibi harusi wa mji huu wameona picha za kalenda, wanazitaka hizo hizo, na za kwangu wanazipokea shingo upande.

Lakini roho yangu inataka fupi. Basi, nimesema.

Sababu ni mayu, mama yangu. Mimi na baba tulipohama Maswa na ng'ombe nikiwa mtoto, yeye alibaki kumuuguza bibi, akaahidi kufuata. Hakuwahi kufuata. Siku ya kuondoka alinionyesha Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogondogo kinachotoka mashariki msimu wa kulima, akasema nikikitazama nijue na yeye anakitazama. Nimekitazama huko Mamba tulikohamia mpaka shingo ikauma. Nikajifunza kamera, nikafungua studio hapa mjini, na bado mvua zikikaribia nakitafuta. Baba tulimzika kwenye mbuga hiyo hiyo ya Mamba. Mayu hajawahi kupaona.

Nimemkumbuka mama yangu mpaka naona aibu, mtu mzima mimi.

Mwaka jana niliazima lenzi ndefu nikakipiga Kilimia nimtumie. Kumbe lenzi ndefu inavuta nyota na inavuta na mwendo wake. Shata, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera, ikikaa wazi, nyota inatoka mstari. Filamu nikaipeleka Mwanza kusafishwa, na fundi akaisafisha kwelikweli! Alikuta mistari myeupe kwenye picha, akaiziba mmoja mmoja kwa wino mweusi. "Dada, filamu yako ilikuwa na mikwaruzo mingi, nimekurekebishia bure." Nikarudi na picha nyeusi tii, safi kabisa. Nilicheka, halafu nikalia.

Juzi amefika binamu yangu Masanja, mtoto wa kaka yake mayu, kutoka Maswa. Nikamweleza habari ya lenzi fupi, kwamba safari hii nyota zitatulia na mayu ataletewa mbingu ya Mamba. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Shangazi anasema nyota anazo," akasema. "Macho yake yameanza kufifia. Anataka kukuona wewe. Anauliza siku hizi umekuwaje."

Napiga picha za watu kila siku, na sina hata moja yangu.

Basi nikajiambia ni ndefu hiyo, imnasie uso mkubwa auone, na mabibi harusi wafurahi. Jioni hii Mama Zuhura alipopita nikamwagiza ndefu. Akanipongeza. "Umefanya la maana. Bei moja halafu uchukue kifupi? Si ungepunjwa mchana kweupe!"

Akaenda zake. Nikabaki nimekaa, na furaha sikuiona. Uso wangu peke yake, nyuma ukungu? Huo ukungu mayu si anao tayari? Ataniona, lakini hatajua nilipo.

Halafu nikakumbuka tabia ya lenzi fupi. Ukiisogelea sana, kilicho mbele kinakuwa kikubwa, na cha nyuma chote kinabaki kinaonekana. Nilitoka mbio na kandambili mguu mmoja, nikamkuta anafunga mlango wake.

"Fupi! Namba ishirini na nane!"

"Wewe mwanamke una mapepo," akasema. "Haya, kifupi chako nitakuletea. Usije ukanililia."

Mabibi harusi watanisamehe. Wasiponisamehe, shauri yao.

Lenzi ikifika, tunakwenda Mamba mimi na Masanja. Yeye atabonyeza. Nitasimama karibu kabisa na kamera, flashi inipige usoni, kisha nitulie tuli shata ikiwa wazi. Nyuma yangu mbuga alimolala baba, na juu ya bega langu Kilimia, kidogo kama vumbi, kama mawingu yataniheshimu. Bahasha ya kwenda Mwanza nitaiandika kwa herufi kubwa: FUNDI, HILO SI VUMBI, USIGUSE.

Najua itakavyotoka. Kwangu mimi kilicho mbele ni pua, na pua hii ni ya baba. Itatoka kubwa ajabu. Na itoke! Pua hii mayu aliolewa nayo, hata macho yafifie vipi hawezi kukosa kuijua.

Mayu, yashikilie hayo macho kidogo tu. Nakuja, pua imetangulia.